Arobaini ya mzazi ipangwe kabla ya uchungu: nani anafanya nini, saa ngapi, na dalili zipi hazisubiri kesho

NesiWaZamu

Wakuu, habari za wakati huu. Uzi huu ni kwa wenye mjamzito nyumbani, hasa waume, mama wakwe na mawifi. Sonona ya baada ya kujifungua kinga yake kubwa iko nyumbani, na inaanza mimba ikiwa na miezi saba. Ukingoja mpaka mama aanze kulia umechelewa.

Tutenganishe kwanza mambo matatu ambayo mtaani yanapewa jina moja. Kuna hali ya kulialia: siku ya tatu hadi ya tano, maziwa yanajaa huku homoni za ujauzito zimeshuka ghafla, na zaidi ya nusu ya wazazi hulia bila sababu, hukasirika upesi, kisha hucheka. Hii huisha yenyewe ndani ya wiki mbili, mama akilala na akiwa na mtu wa karibu. Kuna sonona yenyewe: huzuni au kukosa hamu na kila kitu kwa wiki mbili au zaidi, usingizi hauji hata mtoto akiwa amelala, anajiona hafai kuwa mama. Mwingine wala hana huzuni, ana hofu tu kwamba mtoto ataacha kupumua, anamwangalia usiku kucha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mama 20 kati ya 100 hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, na kubwa lao ni sonona. Inaweza kuanza wakati wowote ndani ya mwaka wa kwanza, na kwa wengi ilishaanza mtoto akiwa bado tumboni. Kisha kuna kuchanganyikiwa akili, mama 1 au 2 katika kila 1,000, mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo. Hiyo ni dharura, naomba wataalamu wa akili humu waieleze.

Sasa kinga. Arobaini ya zamani ilikuwa na masharti na ilikuwa na mikono. Masharti: mzazi asitoke, asipike, asibebe ndoo, ale vya moto. Mikono: mama yake, shangazi, majirani, waliofanya kila alichokatazwa kufanya. Mjini masharti tumeyabeba, mikono tumeiacha kijijini. Mama wa chumba kimoja Mbagala anaambiwa asitoke siku arobaini, mume anarudi saa mbili usiku, na kutwa nzima yuko peke yake na kichanga. Hapo arobaini imegeuka kifungo.

Mimba ikifika wiki ya 28, kaeni na daftari. Andikeni kazi tano: maji, chakula, nguo, watoto wakubwa, usiku. Mbele ya kila kazi andika jina la mtu na saa yake. "Tutasaidiana" usiiandike, haina mwenyewe. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20, na aliyepasuliwa hatakiwi kubeba kitu kizito kuliko mtoto wake kwa wiki sita, kwa hiyo mbele ya "maji" lazima kuwe na mtu anayekuja kila siku, si anayekuja akipata nafasi. Nepi za kitambaa ni 10 hadi 12 kwa siku. Zikilala mpaka jioni ndizo zitakazomtoa mzazi kitandani aende karoni.

Kosa ninaloliona kila mara: wasaidizi wote wanakuja wiki ya kwanza. Wiki ya tatu nyumba imebaki tupu, mume amerudi kazini, na mtoto ndiyo kwanza anaongeza kulia, maana kilio cha kichanga hupanda hadi karibu wiki ya sita ndipo kipungue. Gawanyeni: mama mzazi wiki mbili, wifi wiki mbili, jirani wa mchana hadi siku ya arobaini.

BiMwanaidi_Tanga

Ahsante mwanangu Nesi. Niongezee upande wa kukanda, maana wengine wanaukataza wote na wengine wanaufanya kwa hatari.

Faida yake ni joto, kuguswa, na ile saa moja ambayo mtoto yuko mikononi mwa mwingine. Ubaya unaingia maji yakiwa ya kuchemka. Chovya taulo, kamua, ilaze upande wa ndani wa kiwiko chako. Ukishindwa kuhesabu hadi kumi, na ngozi ya mzazi haitastahimili. Tumbo lisikandamizwe kwa nguvu, wala mzazi asikalishwe kwenye maji ya moto akiwa na nyuzi. Aliyepasuliwa acheni tumbo kabisa, mkandeni mabega na mgongo. Na mguu mmoja ukiwa umevimba kuliko mwenzake na unauma kwenye nyama ya nyuma, usiuguse: huenda damu imeganda ndani, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Mkaja funga kwa kanga moja, kiganja kipite baina ya nguo na tumbo, na ufunguliwe akilala. Ukikazwa sana unasukuma vya ndani kwenda chini.

Chakula sasa. Anayenyonyesha anahitaji kama kalori 500 zaidi kwa siku, na kiu yake haina adabu ya saa. Chupa ya uji wa ulezi na jagi la maji viwe mkono unapofika, kwa sababu saa tisa usiku hamwamshi mtu. Mtori, supu ya kuku, samaki, maharage, mchicha, vyote vyema. Shida ni kwamba supu inapikwa, wageni wanakuja, mzazi anapata mchuzi. Sufuria yake iwekwe kando kabla ya kingine chochote kupakuliwa.

Na vile vidonge vya kuongeza damu vya kliniki haviachwi siku ya kujifungua. Viendelee wiki 6 hadi 12. Asivinywe na chai, chai inazuia madini ya chuma yasiingie. Akae saa moja au mbili kwanza. Chungwa linasaidia. Mzazi asiye na damu ana uchovu unaofanana kabisa na sonona.

Kijana_Temeke

Shikamoo Bi Mwanaidi. Nesi, naomba ufafanuzi kwenye ile kazi ya tano. Mwanaume hana maziwa, usiku anasaidia nini hasa?

NesiWaZamu

Swali zuri sana mkuu, na usiku ndipo sonona inapopata mlango. Lengo ni mzazi apate saa nne za usingizi usiokatika, kila siku, toka wiki ya kwanza kadiri inavyowezekana. Vipande vya dakika arobaini vikijumlishwa hata vikawa saa saba havifanyi kazi ileile.

Njia ya kwanza haihitaji kukamua. Mama ananyonyesha saa tatu usiku, analala papo hapo. Kuanzia hapo mtoto akilia, anayeinuka ni baba: anabadilisha nepi, anambeba begani, anamtuliza, maana si kila kilio ni njaa. Ikiwa ni njaa kweli, anampeleka kwa mama aliyelala ubavu, anakaa macho pembeni mpaka mtoto amalize, anamcheulisha, anamrudisha mahali pake. Mama hajaketi, hajawasha taa. Usimpakate kichanga kwenye kochi huku unasinzia, watoto hubanwa wakakosa pumzi.

Njia ya pili ni maziwa yaliyokamuliwa, kuanzia wiki ya tatu au ya nne unyonyeshaji ukishatulia. Mama anawe mikono, chombo kiwe kimechemshwa. Kidole gumba juu, cha shahada chini, sentimita 2 au 3 kutoka kwenye chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, kisha bana, achia, bila kuburuza vidole juu ya ngozi. Maziwa hayo hukaa saa nne kwenye joto lisilozidi nyuzi 25. Usiku wa Dar mwezi wa Februari hauko hivyo, kwa hiyo yawekwe kwenye friji, yanafika siku nne, au kwenye chupa yenye barafu. Mnyweshe kwa kikombe kidogo: mtoto akiwa wima, ukingo uguse mdomo wa chini, mwenyewe atatoa ulimi arambe. Ukimimina anapaliwa. Yaliyobaki baada ya kunywa yasizidi saa mbili, mwageni.

Saa nne zikiisha mama ananyonyesha au anakamua, vinginevyo matiti yanajaa, yanauma, na homa inaingia.

Ziwa_la_Mama

Nikazie kwenye maziwa, kwa sababu mama anayeumia kila akinyonyesha, mara 8 hadi 12 kwa siku, ana sababu 12 za kulia.

Chuchu zinazopasuka karibu kila mara chanzo chake ni mkao. Mtoto akishika ncha tu anaitafuna. Tumbo lake liguse tumbo la mama, pua ielekee chuchu, msubiri apanue kinywa kama anapiga miayo ndipo umlete kwenye ziwa kwa haraka. Kidevu kizame kwenye ziwa, mdomo wa chini upinduke nje, na weusi wa chuchu uonekane zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini. Maumivu yakizidi nusu dakika, ingiza kidole pembeni ya mdomo umtoe, anzeni upya. Msivumilie "mpaka izoee".

Halafu kuna sentensi inayovunja mama kuliko zote: "Maziwa yako hayamtoshi." Kilio si kipimo. Kipimo ni mkojo mara sita au zaidi kwa siku baada ya siku ya tano, na uzito kurudi ulipoanzia ifikapo wiki mbili. Mambo hayo mawili yakiwa sawa, ndugu wote wanyamaze. Yakiwa si sawa, twende kliniki tuangalie mkao, siyo kwenda dukani kununua maziwa ya kopo.

Lingine ni kubemenda. Mtoto akikonda au akiharisha, mama anatuhumiwa kwamba amelala na mume au ametoka nje ya ndoa. Mtoto wa hivyo ana njaa, ana maambukizi, au ameanzishiwa uji mapema, na mama aliyebebeshwa tuhuma hiyo anaanza kuficha ugonjwa wa mtoto. Nawasihi wazee wangu, neno hili lisitamkwe chumbani kwa mzazi.

Zahra_Mvita

Hamjambo, natokea Mombasa. Sisi huku unyogovu, nyinyi sonona, maradhi ni yaleyale. Mie nina la wageni.

Mgeni wa kuona mtoto akikaa saa mbili, ule ndio usingizi wa mchana wa mzazi umekwenda. Wekeni wakati mmoja, tuseme saa kumi hadi saa kumi na moja unusu jioni, na awepo mtu wa mlangoni wa kulisema hilo kwa ulimi mtamu. Mavyaa, yaani mama mkwe, ndiye bora, yeye hakuna wa kumbishia. Ujumbe utumwe kwenye kundi la ukoo kabla ya kuzaa: "Tutafurahi mje kuanzia siku ya saba, jioni. Anayetaka kuleta zawadi, alete chakula kilichopikwa au sabuni ya nguo." Doti ya kanga ni heshima, bali sinia la wali wa nazi na samaki linamwondolea mtu jikoni siku nzima.

Na mgeni akimpokea mtoto, mama asiende kutengeneza chai. Aende kulala.

MzeeKigogo

Mnatia chumvi vijana. Mama zetu walizaa kumi na hatukusikia sonona. Haya ni magonjwa ya simu.

Wakili_wa_Kaya

Shikamoo mzee. Kwa heshima, fungua Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 199. Kinasema mama akisababisha kifo cha mtoto wake wa chini ya miezi 12 huku akili yake ikiwa imevurugika kwa sababu hajapona athari za kujifungua au za kunyonyesha, kosa lisihesabiwe kuwa la kuua kwa kukusudia. Sheria hiyo ni ya toka enzi za mkoloni, kabla ya simu. Mahakama zilikuwa zinawaona mama hawa. Jina la ugonjwa ndilo halikufika kijijini.

Na kwa kuwa nimeshaingia, haki za kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 33: siku 84 za likizo yenye malipo, siku 100 akizaa pacha au zaidi. Mwajiri ataarifiwa angalau miezi mitatu kabla, kwa cheti cha daktari. Hatakiwi kurudi kazini ndani ya wiki sita za kujifungua isipokuwa daktari amethibitisha yuko fiti. Akirudi ana hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya saa za kazi. Aombe kwa barua, akipendekeza saa zenyewe, kwa mfano kutoka saa moja mapema na kuingia saa moja baadaye. Baba ana siku tatu chini ya kifungu cha 34, na zichukuliwe ndani ya siku saba za kuzaliwa mtoto, zikipita zimepotea. Siku tatu hazitoshi, kwa hiyo hifadhi likizo yako ya mwaka uiunganishe, hasa wiki ya tatu ile aliyoitaja Nesi.

Zahra_Mvita

Kenya ni miezi mitatu kwa mama na wiki mbili kwa baba, Sheria ya Ajira ya 2007.

TabibuWaAkili

Nimeombwa nieleze upimaji na dharura. Samahani kwa urefu.

Kipimo tunachotumia sana kina maswali 10, kilitungwa Edinburgh, Uskoti, kikachapishwa 1987. Kinauliza siku saba zilizopita, alama ni 0 hadi 30. Alama 13 na zaidi, sonona inawezekana sana, aonwe na mtaalamu. Alama 10 hadi 12, arudie baada ya wiki mbili na nyumbani mpunguze mzigo. Swali la kumi ni la kujidhuru: akijibu chochote zaidi ya "hapana kamwe", haondoki mpaka aongee na mtu, hata kama jumla ni ndogo. Kipimo hiki kinaharibika kikisomwa kwa sauti mbele ya mama mkwe au mume. Mzazi akae peke yake na mhudumu, ambaye pia aulize kwa upole kama nyumbani anapigwa, maana kipigo ni moja ya vyanzo vikubwa na hakuna ratiba ya nepi itakayokiziba.

Nyumbani hamhitaji alama. Muulize: "Mtoto akilala, wewe usingizi unakuja?" Kisha: "Kuna kitu ulichokuwa unakipenda ambacho sasa hukitamani?" "Unaendeleaje?" ina jibu lake tayari, "Namshukuru Mungu." Na ukiwa na wasiwasi uliza wazi, "Umewahi kufikiria kujidhuru?" Kuuliza hakumpandikizii wazo. Nyakati nzuri ni mahudhurio ya kliniki ya wiki ya pili na ya sita, tatizo ni kwamba siku hizo anapimwa mtoto, mama anashika kadi tu. Msindikizaji aseme mapema: "Na mama naye aangaliwe."

Waliowahi kuugua sonona, waliopoteza mimba, waliozaa njiti, wenye ujauzito wasioutaka, hawa wasisubiri dalili. Waanze kuonana na mshauri wakiwa wajawazito, ushauri wa mapema unapunguza uwezekano wa kuugua.

Tiba ipo na haihitaji mitambo. Utafiti uliofanywa vijijini Rawalpindi, Pakistani, ukachapishwa 2008, ulitumia wahudumu wa afya wa kijiji waliofundishwa, wakamtembelea mama mara 16 tangu mwezi wa mwisho wa ujauzito. Mtoto alipofika miezi sita, waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23, na kwa waliotembelewa kwa namna ya kawaida tu, asilimia 53. Walichofanya: wanakaa naye, wanalikamata wazo moja linalomrudisha chini, mfano "mtoto huyu amepangiwa kuumwa, lolote nitakalofanya ni bure", wanaliangalia pamoja, kisha wanakubaliana kitu kimoja kidogo cha kufanya mpaka ziara ijayo. Familia inakaribishwa kwenye kikao. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa njia hiyo mwaka 2015, na wahudumu wetu wa ngazi ya jamii wanaweza kuifanya wakifundishwa.

Dawa zikihitajika, zipo zinazopatana na kunyonyesha. Sertralini huingia kwenye maziwa kidogo sana. Zinachukua wiki mbili hadi nne kuonyesha kazi, na wengi huziacha wiki ya kwanza wakidhani hazifai. Wengine huziacha wakipata nafuu, ugonjwa unarudi. Kwa kawaida huendelea miezi sita au zaidi baada ya nafuu. Kabla ya dawa pimeni damu, na kama uchovu umeanza miezi michache baada ya kuzaa pamoja na kuhisi baridi au moyo kwenda mbio, tezi ya shingo nayo ipimwe.

Sasa dharura. Mzazi halali siku mbili tatu wala hachoki, anaongea mfululizo au ovyo, anasikia sauti, anasema mtoto si wake au amebadilishwa, au saa moja ni mzima na saa nyingine hamjui mtu. Asiachwe peke yake, na mtoto asiachwe naye peke yake, hata akiwa ametulia. Hospitali usiku huohuo. Nawaomba msipitie kwa mganga kwanza, siku mbili za kutafuta jini ndizo siku tunazozihitaji sisi.

Mkifika, mhudumu apime presha, joto na malaria kabla ya kuandika "akili". Kifafa cha mimba kinaweza kuja baada ya kujifungua: presha ya 140 kwa 90 na kuendelea, kichwa kinagonga, macho yanaona ukungu. Joto la nyuzi 38 na majimaji yenye harufu ni maambukizi ya kizazi. Yote mawili humfanya mtu aweweseke, na yote mawili yanaua. Tanzania piga 115 bure, ni namba ya usafiri wa dharura wa wazazi na vichanga. Rufaa za akili zinakwenda Muhimbili, Mirembe Dodoma, Kidongo Chekundu kwa Zanzibar. Nairobi ni Mathari.

Kijana_Temeke

Nimechukua karatasi. Moja la mwisho, wakuu: aliyejifungua mtoto akafariki, hii arobaini inamhusu?

BiMwanaidi_Tanga

Inamhusu mwanangu, na huyu ndiye anayesahauliwa, watu wakimaliza kuzika wanaondoka. Anatoka damu ya uzazi vilevile, ana njaa ileile, na siku ya tatu au ya nne maziwa yanajaa. Hapo ndipo awe na mtu, kwa sababu hakuna anayekuwa amemwambia kwamba yatakuja. Asiyakamue yote, yataongezeka. Atoe kidogo tu mpaka maumivu yapoe, aweke kitambaa cha maji baridi, avae sidiria ya kumshika vizuri bila kubana. Parasetamoli inaruhusiwa.

Msizifiche nguo za mtoto kabla hajasema. Muulizeni. Kama mtoto alipewa jina, litajeni.

Wakili_wa_Kaya

Sheria nayo haikumsahau. Kifungu kilekile cha 33: mtoto akifariki ndani ya mwaka mmoja wa kuzaliwa, mama ana siku nyingine 84 zenye malipo. Waajiri wengi hawasemi. Shemeji au kaka apeleke barua, mama asitumwe mwenyewe.